Mgeni Naye Apate Kaniki
(Hotuba ya Mwenyekiti siku ya kutimiza miaka kumi)



Mambo ya hisa na mikopo Mweka Hazina ameshayasoma, sina la kuongeza. Mimi nitasema juu ya ngoma na maigizo yetu, maana huko ndiko kwenye maneno.

Mnajua tunachoigiza. Ni soko la akina mama wa zamani, kabla ya reli: wa mlimani anashuka na ndizi, wa Kahe analeta vyungu, na vyuma vinatoka Ugweno, kule Upareni. Hakuna shilingi pale, ni kubadilishana tu. Halafu inakuja Machi 1916, Waingereza na Wajerumani walipopigana hapa hapa Kahe, na watu wetu wakabebeshwa mizigo ya vita isiyowahusu. Vijana wengi hawakujua kama Vita Kuu ya Kwanza ilifika kwetu. Wakiona igizo ndipo wanaanza kuwauliza bibi zao.

Sasa jamani, kuingia humo ni ghali. Kiingilio 10,000/=, hisa ya kwanza 5,000/=, mfuko wa jamii 2,000/=. Hapo bado kitenge cha sare na ushonaji wake, kaniki, shanga, kibuyu, na nauli tukialikwa Moshi mjini. Binti anayepalilia mpunga wa watu kwa kibarua atavitoa wapi vyote kwa siku moja? Mwaka jana walikuja wanne, sauti nzuri kabisa. Wakasomewa orodha. Jumamosi iliyofuata hatukuwaona tena.

Si sisi wa kwanza. Baada ya vita ile, ngoma ya beni ilienea Tanganyika, Marini upande huu na Arinoti upande ule, na sare kama za askari, gwaride na vyeo. Walizikana na kusaidiana, hilo lilikuwa jema. Lakini fedha nyingi ziliishia kwenye mavazi na karamu za kumshinda mwenzako.

Wapo wanaosema, "Sisi tuliumia, na wao waumie." Nimewasikia, na wengine mmekaa mbele yangu. Haya, nawauliza: nyimbo za soko zinajulikana vizuri na bibi watatu tu, na wote wamezidi miaka sabini. Mnataka wamwimbie nani, yule mwenye fedha ya kitenge?

Kamati imekaa, na haya ndiyo tunayoleta mbele yenu. Kiingilio mgeni alipe kwa vipande kwa miezi mitatu, au alete debe la mahindi baada ya mavuno, tulipime kwa bei ya siku ile. Nguo za igizo ziwe mali ya kikundi. Aliyechoka kucheza aache kaniki yake sandukuni, mgeni aazime, afue, arudishe. Sare ya kitenge angoje mpaka atakapopata. Kwenye igizo hatuvai sare hata hivyo, mwanamke wa zamani alivaa sare ya nani? Kila mgeni awe na mdhamini mwanachama, wa kumfundisha nyimbo, si wa kumlipia madeni.

Ila hisa haisamehewi. Mtanielewa: kiingilio ni cha kikundi, kinaweza kungoja. Hisa ni fedha yake mwenyewe, mwisho wa mzunguko anagawiwa. Ukimwambia asiweke, umemnyima akiba yake kwa jina la huruma. Akishindwa hisa nzima, wawili waweke moja pamoja na Katibu aandike majina yote mawili.

Wafadhili wetu mliopo, hatuombi fedha leo. Mwenye sanduku la bati lenye kufuli atusaidie, mchwa wa Kahe mnawajua.

Tutapiga kura Jumamosi saa tisa alasiri. Wale mabinti wanne nimeshawatumia salamu waje wakae nasi, na bibi zetu watatu nimewaomba wawahi kabla ya jua kali.