Kabla ya Kuulizia Dhahabu, Tuulizie Shimo

Mazungumzo yaliyotolewa kwa niaba ya wauguzi wa jumuiya katika sherehe ya Uhuru, Muscat



Kila mwaka sisi wauguzi tunapewa dakika chache za afya, na kila mwaka tunazungumzia sukari na presha. Mwakani tutarudi huko huko, maana halua bado mnaila usiku. Leo tumeomba tuzungumzie migodi. Mtasema, wauguzi na migodi wapi na wapi? Sababu ni kwamba wengi wetu humu ukumbini tuna shimo nyumbani. Tuna kaka, shemeji au mpwa huko Geita, Kahama, Chunya au Mererani, na mwisho wa mwezi tunamtumia riali za mafuta ya jenereta, za kamba na za chakula cha vijana. Akipata, tunagawana. Ni biashara halali na haina aibu. Lakini anayelipia shimo ana sehemu katika yanayotokea ndani yake, hata kama yeye yuko Ruwi au Al Khuwair.

Watoto wetu, Tanganyika ilipopata Uhuru tarehe 9 Desemba 1961, wito ulikuwa Uhuru na Kazi. Wakati huo almasi ya Mwadui ilikuwa imeshajulikana tangu 1940, lakini tanzanaiti ilikuwa bado haijagunduliwa. Hiyo ilikuja 1967. Leo madini yanachangia karibu sehemu moja ya kumi ya pato la taifa, na dhahabu iko mbele katika bidhaa tunazouza nje. Sheria ya 2017 iliipa serikali hisa zisizopungua asilimia 16 katika migodi mikubwa, na mrabaha wa dhahabu ukawa asilimia 6. Mwaka 2019 yakaanza kufunguliwa masoko ya madini, ili mchimbaji mdogo auze hadharani kwa bei inayojulikana. Haya ni maendeleo, na tuna haki ya kuyafurahia siku kama ya leo.

Sote tunakumbuka Juni 2020, Bwana Saniniu Laizer alipouza mawe mawili ya tanzanaiti kwa zaidi ya shilingi bilioni 7. Wiki ile simu kutoka nyumbani ziliongezeka, kila mmoja ana shimo analotaka tulilipie. Lakini Mererani hiyo hiyo ina kumbukumbu nyingine. Mwaka 1998, na tena Machi 2008, mvua kubwa ilijaza maji machimboni na kuua makumi ya vijana kila mara. Mashimo ya kule hukutana chini kwa chini, wenyewe wanaita mitobozano, kwa hiyo maji yaliyoingia kwa mmoja yaliwafikia na wengine. Januari 2024, Bariadi mkoani Simiyu, kifusi kiliwafunika na kuwaua watu 22. Ilikuwa ni msimu wa mvua pia.

Si hadithi za nyumbani tu. Hapa hapa Oman, nchi iliyochimba shaba tangu maelfu ya miaka iliyopita, Machi 2022 mwamba uliporomoka kwenye machimbo ya mawe huko Ibri na kuua wafanyakazi zaidi ya kumi, watu waliofuata riziki kama sisi.

Kwa nini shimo linaanguka? Mwamba ukishatobolewa, uzito wa juu hutafuta pa kuegemea. Katika mgodi mkubwa wahandisi huacha nguzo za mwamba, hufunga paa kwa vyuma na nyavu, na huchimba njia ya pili ya kutokea. Katika duara la mchimbaji mdogo paa hushikiliwa na matimba, yaani magogo, na njia ni moja. Maji ya mvua yakipenya, udongo huwa mzito na hulegea, na magogo yaliyooza hayasaidii tena. Mwaka 2015 huko Nyangalata, wilayani Kahama, kifusi kiliziba njia, na wanaume watano wakatolewa wakiwa hai baada ya siku 41. Walikula mizizi na wadudu, wakanywa maji ya matope. Tulimshukuru Mungu, lakini muujiza hauwezi kuwa mpango wa usalama.

Na kwa nini magogo hayabadilishwi? Hapo ndipo uchumi unapoingia. Vijana wengi wa shimoni hawana mshahara. Wanalipwa mifuko ya mawe baada ya mwenye leseni na mwenye duara kuchukua sehemu zao. Siku ya kubadilisha magogo ni siku isiyotoa mfuko hata mmoja. Gogo ni gharama ya leo, dhahabu ni tumaini la kesho, na mwenye njaa huchagua tumaini. Kwa hiyo fedha ya usalama lazima itoke kwa anayeleta mtaji. Ndugu zangu, anayeleta mtaji mara nyingi ni sisi.

Na sisi tunaosema haya tumo. Tulikuwa ndugu watatu hapa Muscat, tukachangishana riali 700, tukamtumia mdogo wetu anunue mashine ya kutoboa mwamba na kompresa. Kila tulipopiga simu tuliuliza: mmefikia wapi, mmepata? Tunafanya kazi wodini, tunawakumbusha watu kutwa nzima wavae barakoa, na hatukumwuliza hata siku moja kama mashine ile inatoboa kwa maji au kikavu. Ilikuwa inatoboa kikavu. Baada ya miaka minne alianza kukohoa. Akapewa dawa za kifua, akapewa tena. Mama alipotuambia kwamba akitoka kisimani hupumzika mara mbili njiani, ndipo tulipoelewa. Ana miaka 36. Mashine tuliyonunua sisi ndiyo iliyomjaza vumbi, na kwenye familia yetu hakuna aliyetulaumu. Hilo ndilo zito zaidi.

Vumbi la mwamba lina silika. Chembe zinazodhuru hazionekani kwa macho; hupita puani na kooni hadi mwisho kabisa wa mapafu, na huko mwili huzizungushia makovu. Ugonjwa huo unaitwa silikosisi. Makovu hayafutiki, wala hakuna dawa ya kuyaondoa. Mtu anaweza kuendelea kudhoofika hata baada ya kuacha mgodi, na kifua kikuu humpata kwa urahisi zaidi kuliko watu wengine. Hospitali ya Kibong'oto kule Siha, Kilimanjaro, inayojulikana kwa kutibu kifua kikuu, iko karibu na Mererani, na wachimbaji ni watu wanaopaswa kufika huko mapema, kabla hawajakonda. Kinga inajulikana: kutoboa kwa maji, kulowesha mawe kabla ya karasha, kusubiri vumbi la baruti litulie ndipo watu warudi chini. Kitambaa usoni hakizuii chembe hizo, wala barakoa za karatasi tunazovaa kliniki.

Kuna na zebaki. Inashika dhahabu, kisha inachomwa ili dhahabu ibaki, na mvuke wake hauonekani. Anayeuvuta huharibika mishipa ya fahamu na figo, na mimba huathirika. Wengine huchomea jikoni, watoto wakiwa pembeni. Kuna chombo kilichofungwa kinachonasa mvuke huo na kurudisha zebaki itumike tena. Ni bora kuliko kuchoma wazi, na kazi yenyewe ifanyike nje, mbali na nyumba.

Basi tunawaombeni jambo moja. Kabla hujatuma riali, uliza maswali haya matano. Moja, leseni ipo, na ni ya nani? Leseni ndogo ya uchimbaji ni kwa Watanzania tu, na ofisi ya Afisa Madini wa mkoa inaweza kuthibitisha. Mbili, matimba yalibadilishwa lini, na kazi husimama mvua ikinyesha? Tatu, mnatoboa kwa maji? Nne, kuna njia ya pili ya kutoka, hewa inafika chini, na mtu wa juu ana orodha ya walioshuka? Tano, vijana wamepimwa kifua mwaka huu?

Akikujibu kwamba hakuna fedha ya hayo, usikate msaada. Tuma fedha ya hayo kwanza, umwambie ni ya magogo na maji, akutumie picha. Bei ya dhahabu imepanda, tunaiona wenyewe kila tukipita Souk Mutrah kununua bangili za harusi. Faida ikiongezeka, gogo jipya lisitushinde.

Na nyinyi watoto, baadhi yenu mtasomea uhandisi, jiolojia, sheria au uuguzi. Nyumbani kuna kazi inawasubiri: wakaguzi wa migodi, wapima mapafu, watu wa kuchora ramani za mashimo ili mitobozano ijulikane kabla ya maji kuingia. Wazee wetu walipewa Uhuru na Kazi. Sisi tuongeze kwamba aliyeshuka kazini asubuhi awe amepanda jioni, akiwa na pumzi yake.

Mdogo wetu alituomba tuwasalimie. Anasema mwaka huu msimtumie fedha ya shimo. Mtumie ya ada ya mwanawe.