Pumzi ya Samaki wa Mbwemkuru

Mto Mbwemkuru, upitao Nachingwea na Ruangwa, humwaga maji yake katika Bahari ya Hindi. Apangaye hifadhi kwa kuhesabu samaki waliovuliwa tu, anahesabu waliokwisha kufa. Maji yakipata joto hubeba oksijeni kidogo, ilhali mwili wa samaki huihitaji zaidi. Kambare huibuka akavuta hewa. Perege hutegemea matamvua yake. Basi dimbwi la kiangazi lililojaa kambare si ushahidi wa mto wenye afya; wavuvi wazee hawana haja ya kufundishwa hilo. Kipimo cha pumzi cha kila aina ya samaki, wa mtoni na wa baharini, sharti kiingizwe katika hesabu za uvuvi kabla ya kupangwa msimu wa kufunga uvuvi.