MENO NA UFIZI: DAWA ZA NYUMBANI NA MPAKA WAKE

(Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano wa Mwaka wa Chama, Isiolo)



Tumepewa heshima ya kusema nanyi juu ya jambo ambalo wengi hulidharau mpaka usiku ule jino linapowanyima usingizi. Dawa za nyumbani tunazo, nasi hatukusimama hapa kuzitukana. Twataka kueleza kila dawa ina kazi gani, na kazi yake inakoma wapi.

Ya kwanza ni mswaki, mti uotao kando ya mto wetu wa Ewaso Nyiro. Wasomali huuita caday, Wasamburu sokotei, na Waturkana esekon. Na ndugu zetu Waislamu huutumia kabla ya sala kwa kufuata sunna. Mwaka 1986 Shirika la Afya Duniani nalo lilihimiza matumizi yake. Kata kijiti chenye unene wa kidole cha mwisho, menya ncha yake, uitafune mpaka iwe nyuzi, kisha sugua polepole kutoka kwenye ufizi kuelekea ncha ya jino, mbele na nyuma. Nyuzi zikichakaa, zikate utafune upya. Lakini tusisugue kwa mchanga wala mkaa, kwa maana hivyo hula gamba gumu la jino, nalo likiisha kulika halioti tena.

Ya pili ni chumvi. Nusu ya kijiko cha chai katika kikombe cha maji ya vuguvugu, sukutua, kisha tema. Hutuliza ufizi uliovimba. Yatupasa kujua pia kwamba ufizi hutoka damu mara nyingi kwa sababu ya uchafu ulioganda kwenye shina la meno. Wengi wakiona damu huacha kupiga mswaki, na hapo ndipo uchafu huzidi. Heri kuendelea, tena taratibu. Na damu isipokoma baada ya wiki mbili, uchafu huo wataka kuondolewa kwa vyombo vya mganga wa meno.

Ya tatu ni karafuu, mali mashuhuri ya Unguja na Pemba. Mafuta yake hutia ganzi, na kwa hiyo maumivu hupungua kwa muda. Weka punje moja juu ya jino liumalo. Mafuta yake makali yasimiminwe ovyo, maana huunguza ufizi, wala wasipewe watoto wadogo. Hali kadhalika aspirini humezwa na mtu mzima. Haiwekwi juu ya ufizi. Na maji ya betri au petroli ni sumu, si dawa.

Sasa twafika kwenye mpaka. Wazee wa mataifa mengi, tangu Babeli ya kale, waliamini kuwa jino hutobolewa na mdudu. Mwaka 1728 mganga Mfaransa Pierre Fauchard alikanusha habari hiyo, na mwaka 1890 Mmarekani W. D. Miller alieleza kwamba vijidudu visivyoonekana kwa macho hugeuza sukari kuwa asidi, nayo asidi ndiyo ilayo jino. Kwa hiyo atafunaye miraa usiku kucha huku akinywa soda hulilisha tundu lake mwenyewe. Na tundu likiisha kufunguka, hakuna mzizi, chumvi wala karafuu iwezayo kulifunga. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Twawasihi hasa akina mama na nyanya zetu. Uvimbe mweupe katika ufizi wa mtoto mchanga mwenye homa au kuhara si mdudu. Ni jino linalokuja. Kuuchokoa kwa kisu au kwa chuma cha baiskeli kumewaletea watoto kutoka damu kwingi, pepopunda na hata mauti, na mara nyingine jino la ukubwani huharibika kabla ya kuota. Mtoto huyo anahitaji maziwa ya mama, maji ya chumvi na sukari ya kurudisha maji yanayopotea mwilini kwa kuhara, na hospitali.

Tena, mtu akivimba shavu au shingo, akishikwa na homa, akishindwa kufungua kinywa, kumeza au kupumua vizuri, asingoje kupambazuke. Usaha wa jino ukishuka shingoni huweza kuua.

Wazee wetu, chama kama hiki huchanga kwa haraka penye msiba. Twaomba mkutano huu ukubali kwamba nauli ya mgonjwa wa jino itokayo manyatani hadi hospitalini ihesabiwe kuwa msaada wa ugonjwa kama ugonjwa mwingine wowote. Nauli ni ndogo. Sanda na matanga ni gharama kubwa, tena havimrudishi mtu.