Mzee Naye Apewe Kiti

Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wanachama, wazazi na walimu, Samuye



Tumeombwa tuseme machache juu ya mafunzo ya walimu. Huenda wako wanaojiuliza, Chama kina haja gani na mambo ya ubao na chaki, na Wizara ipo? Jibu letu ni fupi. Watoto ni wetu, na mwalimu anakaa katikati yetu. Akiijua kazi yake faida ni yetu, akikwama hasara ni yetu.

Agosti 2022 makarani wa sensa walipita majumbani mwetu na vishikwambi mikononi. Sensa ilipokwisha, Serikali haikuvifungia ghalani. Novemba mwaka ule ule ilianza kuvigawa kwa walimu nchi nzima, navyo vilikaribia 300,000. Jambo lile lilikuwa jema na twalisifu. Lakini jembe halilimi lenyewe. Mwalimu akipewa chombo bila ya kuoneshwa namna ya kukitia ndani ya somo, atakitumia kusomea magazeti na kupelekea taarifa wilayani, basi.

Chombo kipya darasani si kigeni kwa Taifa hili. Mwaka 1973 redio ilitangaza masomo ya Mtu ni Afya. Watu wakakusanyika vikundi vikundi vijijini, wakasikiliza, kisha wakazungumza wao kwa wao na kuamua: choo tuchimbe hapa, majani tufyeke pale. Kadiri ya watu milioni mbili walishiriki. Na tangu 1976, Taifa lilipotaka kila mtoto aingie shule na walimu hawatoshi, maelfu ya vijana waliomaliza darasa la saba walifunzwa ualimu humo humo vijijini, kwa masomo ya posta, kwa redio, na kwa wakufunzi waliowazungukia. Walimu wale wa UPE walilaumiwa sana, na baadhi ya lawama zilikuwa za haki. Lakini nani angewafundisha watoto wale? Redio ilileta maneno tu. Kilichofundisha ni mazungumzo yaliyofuata, nayo yalikuwa na umbo tulilolizoea, la vijana kuwazunguka wazee penye moto wa shikome jioni.

Sasa chukueni ngitili. Zamani miji mingi ilitenga kipande cha malisho masika, ili ndama na maksai wapate kula kiangazi. Waingereza wakaamrisha miti ikatwe, mbung'o akose pa kukaa. Pamba ikaongeza kufyeka. Watu walipohamia vijiji vipya, ngitili nyingi zikaachwa. Serikali ilipoanzisha mpango wa HASHI mwaka 1986, ngitili zilizojulikana zilikuwa zimebaki kadiri ya hekta 600 tu. Wataalamu walianza kwa vitalu na miche, wakaona kazi inasuasua. Ilishika kasi walipoitazama desturi ya wenyeji na kuwaachia wanavijiji, kwa dagashida yao, ulinzi wa ngitili na faini ya mwenye kuivunja amri. Mpango ulipokwisha mwaka 2004, ngitili zilikuwa zimepita hekta 300,000, na mwaka 2002 mpango huo ulipata tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa.

Na mtoto wa darasa la tano hapa Samuye hufundishwa eneo kwa kitu gani? Kwa mstatili uliochorwa ubaoni. Kishikwambi kina ramani, tena kinajua mahali kilipo. Mwalimu na watoto wakiizunguka ngitili kwa miguu, wakaiandika mipaka yake na kuigawa katika miraba, hiyo ni hesabu. Mzee akitaja majina ya miti na kazi ya kila mmoja, hiyo ni sayansi. Akieleza dagashida ilimtoza nini aliyeingiza ng'ombe kabla ya siku, huo ni uraia. Na sauti yake ikinaswa, somo litabaki hata mzee akiondoka.

Lakini mwalimu aliyetoka Tanga au Mbeya hawezi kuyabuni hayo peke yake usiku, huku anasahihisha madaftari. Sharti afunzwe, na wa kumfunza wako hapa. Kadhalika watoto wetu wengi huingia shule wakijua Kisukuma tu. Mpango wa EQUIP-Tanzania, ulioanza mwaka 2014 na kufanya kazi mkoani Shinyanga, uliliona hilo, ukawatumia watu wa vijijini kuwaandaa watoto kwa hadithi na michezo.

Wako watakaosema huu ni ukabila. Hapana. Mwalimu Nyerere alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, Desemba 1962, aliitaka itafute yaliyo bora katika mila za makabila yote, yawe ya Taifa zima. Alisema yaliyo bora. Mila ya kumwoza msichana angali darasani hatuitaki, wala ile iliyowaua bibi zetu wa Usukuma kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa jikoni. Tena bibi huyo huyo akiitwa shuleni kuwafunza walimu, twadhani kijiji kitamtazama vingine.

Yako pia ya kulinda. Hans Cory, mtaalamu wa serikali ya kikoloni, aliwauliza wazee wa Usukuma sheria na desturi zao, na kitabu chake kikatoka mwaka 1953 kwa Kiingereza, ili watawala wapate kutawala kwa wepesi. Wazee waliotoa maarifa yale hawakuweza kukisoma. Sauti zitakazonaswa Samuye zibaki kwanza shuleni Samuye, na mwenye sauti aulizwe kabla hazijapelekwa mahali pengine.

Hatuombi utaratibu mpya. Upo wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, unaoitwa MEWAKA, ambapo walimu hukutana shuleni mwao na katika vituo vya walimu wakafunzana. Twaomba mzee naye apewe kiti humo, mara moja kwa mwezi, na saa hiyo isiliwe na vikao vingine. Mwalimu asiambiwe aje Jumapili. Naye ana shamba. Mzee wa mbali alipiwe nauli. Shule isiyo na umeme ipatiwe sola ya kuchajia, maana kishikwambi kilichozimika ni kibao tu. Tawi lipeleke maombi haya mbele ya Baraza la Maendeleo ya Kata, na wanachama waliomo barazani wayasimamie.

Katibu ana karatasi mezani. Wazee na bibi walio tayari, na wajuzi wa bugobogobo, wa Bagika na wa Bagalu, waandikishe majina kabla hatujatawanyika. Walimu nao waandike kando somo gani linawashinda kulifundisha.