Tanzia na Kalamu ya Mpinzani

Nimekuja na ugomvi.

Mwenzangu mmoja ninayemheshimu aliniambia, tukiwa bado jamvini msibani, kwamba tanzia ni sehemu ya mazishi. Maiti hafunuliwi ovyo, akasema, basi na magomvi yake yazikwe naye. Sikumjibu pale, hapakuwa mahali pake. Namjibu leo.

Anachanganya rambirambi na tanzia. Rambirambi ni ya mfiwa: unampa mkono, unasema pole, unatia chochote kwenye bahasha, unanyamaza. Tanzia ni ya msomaji ambaye hakumjua marehemu, na pengine hajazaliwa. Huyo hana machozi, ana swali. Sisi tunampa orodha ya vyeo na lile “pengo lisilozibika”. Tena hata matanga huanuliwa. Mwenzangu angetaka tulale jamvini milele.

Chukueni mshairi na mwandishi wa riwaya Euphrase Kezilahabi wa Ukerewe, aliyefariki Januari 2020. Mengine mnayajua: riwaya ya Rosa Mistika ya 1971, iliyowahi kupigwa marufuku shuleni, kisha Nagona na Mzingile, miaka ya Botswana. Tanzia nilizosoma zilimsifu kwa ushairi huru kana kwamba alipokewa kwa vigelegele. Alipokewa kwa marungu! Diwani yake ya Kichomi ilipotoka mwaka 1974, washairi wa vina na mizani walisema huo si ushairi hata kidogo. Nao hawakuwa wajinga. Walilinda sanaa ya karne nyingi, inayoghanika na kukaa kichwani bila daftari. Wafute hao, na Kezilahabi anabaki bondia aliye peke yake ulingoni.

Niruhusuni nikae kidogo kwenye utangulizi wa Kichomi, ambao wanafunzi wangu wamechoka kunisikia nikiutaja. Kijana wa miaka 30 anatangaza kwamba analeta katika ushairi lugha ya mazungumzo ya kila siku. Haombi radhi, lakini anajua vizuri nani atamjibu. Anaandika kama mtu aliyekwisha kunja ngumi. Huwezi kuusoma bila kusikia sauti ya upande wa pili.

Nakubali wajane na mayatima wastahiwe. Nakubali pia kwamba mpinzani anaweza kuwa na kijicho. Nimeyapima yote hayo, na bado nasema tanzia ya mshairi huru ilifaa iandikwe na mwanavina.

Nakala yangu ya Kichomi niliinunua kwa muuza vitabu vya mitumba, Mtaa wa Samora. Mwenyewe wa kwanza alihesabu mizani kwa penseli, kijistari juu ya kila silabi, na pembeni akauliza vina viko wapi. Kurasa chache mbele vijistari vinakoma. Penseli haikomi: sasa inapigia mstari maneno, mengine mara mbili. Jina lake hakuliandika. Huyo ndiye ningempa kazi.