Kazi za Siku Katika Ofisi ya Chama cha Msingi

(Maneno ya Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika mbele ya makatibu na watunza ghala, kabla ya msimu wa korosho)



Nimeombwa niseme machache juu ya matumizi ya wakati. Sitawahubiria habari ya kuamka alfajiri. Wengi wenu huamka kabla yangu. Ninachotaka tukitazame ni kile kijitabu ambacho katibu hana budi kuwa nacho mezani, ambamo huandika kazi za kesho.

Yafaa aandike jioni, wala si asubuhi. Asubuhi ya msimu si mali ya katibu. Mlango ukifunguliwa saa moja, mkulima amekwisha kufika na magunia yake, dereva wa lori anadai hati, na mjumbe wa bodi amepita "kusalimu" tu. Anayengoja saa hiyo ndipo apange siku yake atakuta wengine wamekwisha kumpangia.

Tena orodha isiwe ndefu. Nimeona orodha za kazi 20, nazo aghalabu ni orodha za matumaini. Kazi nne au tano zatosha, na kila moja iandikwe kwa namna ambayo mtu aweza kusema imekwisha au haijaisha. "Kushughulikia malipo" si kazi ya siku. "Kulinganisha namba za akaunti za wakulima 100 wa mwanzo na kadi zao za benki" ni kazi, na ifikapo saa kumi jioni itajulikana.

Mfano huo sikuuchagua bure. Katika utaratibu wa stakabadhi ghalani, ulioanza kutumika kwa korosho msimu wa 2007/2008, mazao huuzwa mnadani, na siku hizi fedha za mkulima hupitia benki kwa kufuata orodha iletwayo na chama. Katika chama kimoja nilichokikagua, orodha hiyo iliachwa mpaka bei ilipotangazwa. Yakaandikwa majina zaidi ya 300 kwa usiku mmoja, kwa mwanga wa simu. Tarakimu zikapishana. Fedha za baadhi ya wakulima zikarudi, na marekebisho yakachukua majuma matatu, nayo yalikuwa majuma ya Januari, shule zinapofunguliwa. Katibu yule hakuwa mvivu wala mwizi, ingawa neno hilo la pili lilitamkwa hadharani katika mkutano mkuu. Kazi ile ingaliweza kufanywa kidogo kidogo tangu siku ya kwanza ya mizani.

Kufunga daftari la fedha na leja ya ghala kusiandikwe katika orodha, kwa kuwa hakuna hiari. Magunia ya leo yahesabiwe leo. Ukingoja Ijumaa utahesabu kumbukumbu, nami siwezi kutia sahihi kumbukumbu za mtu.

Ama mikutano, hesabu yake ni nyepesi: wanachama 40 wakiitwa saa tatu na mkutano ukaanza saa tano, zimepotea saa 80, yaani siku 10 za jembe.

Vijitabu hivyo nitaviomba pamoja na madaftari mengine nitakapopita mwezi Novemba. Sitatafuta mwandiko mzuri. Nitatazama kazi zilizohamishwa kutoka siku hadi siku zaidi ya mara tatu, na hizo tutazizungumza mbele ya bodi, maana huenda si katibu anayezikwamisha.