GARI HALIVUTI? TUSIKIMBILIE KUNUNUA TURBO

Mazungumzo na madereva na wakulima wa Kyela



Leo tunazungumza juu ya pikapu ya dizeli iliyozeeka. Huku kwetu Kyela pikapu hubeba mpunga wa Ipinda, kakao, ndizi, mawese na samaki wa Matema. Hubeba hata wagonjwa. Likikosa nguvu gari moja, shida ni ya kijiji kizima.

Sisi ni wanakikundi. Gari letu ni moja tu, tena kuukuu. Tunawaeleza yaliyotupata ili yasiwapate na ninyi.

Yaliyotupata

Msimu mmoja wa mavuno gari letu lilianza kuwa zito. Kutoka Ipinda mpaka Kyela mjini, njia ya tambarare, halikuwa na neno. Lakini likianza kupanda kwenda Tukuyu, halivuti. Dereva anakanyaga mafuta, gari linanguruma tu na kutoa moshi mweusi. Zamani turbo ilikuwa inashika upesi. Sasa tunahesabu moja, mbili, tatu, nne, tano, ndipo gari lipate nguvu kidogo.

Tulikwenda kwa fundi mmoja. Hakufungua hata boneti. Akasema, "Turbo imekufa. Leteni hela ninunue nyingine." Hela aliyotaja ni ya magunia mengi ya mpunga. Wengine wetu tulikwisha kubali. Lakini mama mmoja, mtunza daftari wetu, ambaye alijifunza kusoma ukubwani, akasema, "Jamani, ngojeni. Tuone kwanza daftari la gari linasemaje."

Turbo ni kitu gani?

Injini ya dizeli inataka vitu viwili: dizeli na hewa. Ni kama moto wa jikoni. Ukisokomeza kuni nyingi bila hewa, unapata moshi. Ukipuliza, moto unawaka. Turbo ndiyo mpulizaji wa injini.

Ndani yake mna feni mbili ndogo katika mhimili mmoja. Moshi unaotoka kwenye injini unazungusha feni ya kwanza. Feni ya pili inavuta hewa safi na kuisukuma ndani ya injini kwa nguvu. Feni hizo huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika moja. Aliyeandikisha uvumbuzi huu ni mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, mwaka 1905.

Sasa, kwa nini uzito unaonekana mlimani? Kwanza, mlimani injini inataka nguvu nyingi kuliko tambarare. Pili, hewa ya juu ni nyepesi. Ziwa Nyasa liko karibu meta 475 juu ya usawa wa bahari. Tukuyu iko zaidi ya meta 1,400. Kwa hiyo gari lenye upungufu wa hewa hujificha huku ziwani, likaumbuka mlimani.

Kabla ya kusema gari ni bovu

Jambo la kwanza: je, gari lako lina turbo? Siyo kila pikapu inayo. Kwa mfano, Land Cruiser yenye injini ya 1HZ hutoka kiwandani bila turbo.

Jambo la pili: je, unatumia gea sawasawa? Ukipanda mlima kwa gea kubwa, injini inazunguka polepole na moshi wa kusukuma turbo hautoshi. Rudisha gea ndogo. Kama nguvu inakuja, ugonjwa haupo. Turbo za zamani huchelewa kidogo kwa asili yake.

Soma moshi

Ndugu zetu, moshi nao husomwa kama barua. Gari lisilovuta huandika hivi:

Moshi mweusi: Dizeli inafika, lakini hewa haitoshi. Tafuta kwenye njia ya hewa.

Hakuna moshi: Huenda dizeli haifiki ya kutosha. Angalia chujio la dizeli. Tena katika magari mengine kuna mpira mwembamba unaotoka njia ya hewa kwenda kwenye pampu ya dizeli. Ukipasuka, pampu haipati habari kwamba hewa imeongezeka. Basi haiongezi dizeli.

Moshi wa bluu: Oili inaungua. Hapo turbo au injini yenyewe huenda imechoka.

Kagua kwa utaratibu

Anza na kitu rahisi. Zima injini, ngoja ipoe.

1. Fungua chujio la hewa. Je, limejaa vumbi? Je, limelowa mvua? Limechakaa, badilisha.

2. Kagua mipira yote ya hewa, hasa ule unaotoka kwenye turbo kuelekea kwenye injini. Ikunje kwa mkono. Angalia chini ya klipu. Ukiona alama nyeusi ya oili, chunguza hapo, huenda hewa inatoroka.

3. Angalia mahali bomba la moshi linapoungana na injini na turbo. Ukiona masizi, moshi unatoroka kabla ya kuzungusha turbo.

4. Angalia kile kijimlango cha turbo kinachopunguza moshi. Kikikwama wazi, moshi unapita pembeni na turbo inabaki mvivu.

5. Mwisho kabisa, fungua mpira wa kuingiza hewa kwenye turbo, ushike mhimili. Uzunguke bila kukwama. Kutikisika kidogo sana kwa pembeni si kitu. Lakini ukiingia na kutoka, au feni ikigusa ukuta, hapo kweli turbo ni mbovu.

Tahadhari! Usiwashe injini mpira huo ukiwa umefunguliwa. Turbo inaweza kuvuta kitambaa, hata vidole.

Daftari lilisema nini?

Mama yetu alisoma: "Jumatatu. Chujio la hewa limesafishwa. Mpira wa turbo umefunguliwa, umefungwa." Mstari uliofuata: "Alhamisi. Tukuyu. Gari zito mlimani."

Sote tulinyamaza. Tukafungua boneti. Chini ya klipu mpira ulikuwa umelowa oili nyeusi. Tulipoukunja, ufa ukaonekana. Mpira ulikuwa mkavu kwa uzee, na siku ile ya kufungua na kufunga ulipasuka. Gari likiwa limesimama ufa ulijifunga. Turbo ikisukuma hewa, ufa ulifunguka.

Tulinunua mpira na klipu. Gari likapanda Tukuyu na mzigo. Turbo iliyosemwa imekufa inafanya kazi mpaka leo, na mpunga wetu ulibaki ghalani.

Hatuwasemi mafundi wote. Mafundi wazuri tunao. Lakini fundi akisema kitu kimekufa, mwambie, "Tuonyeshe, ndugu."

Basi tukumbuke mambo matatu. Tubadilishe oili kwa wakati, maana ndiyo uhai wa turbo. Tukitoka mlimani tuache injini iungurume dakika moja au mbili kabla ya kuzima. Na kila kazi iliyofanywa kwenye gari tuiandike: tarehe, kazi, na aliyeifanya. Daftari na kalamu ni bei ndogo kuliko turbo.